Kabla ya Sufuri

Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi ya sekunde chache. Unazungusha ufunguo, inamwaga nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, injini inashika, kisha oltaneta inairudishia ilichotoa. Basi. Safari yote iliyobaki betri ni abiria tu.

Sasa itoe hiyo betri garini, iweke chini ya meza ya sebuleni kule Mtopanga au Shika Adabu, funga nyaya mbili za TV, halafu iambie itoe kidogo kidogo kwa saa nne au tano kila usiku. Hivyo ndivyo familia nyingi za ng'ambo ya feri na ng'ambo ya daraja zilivyoanza kuishi na umeme, miaka mingi kabla ya nguzo ya stima kusimama mlangoni kwao. Vitabu vya historia ya Mombasa vimeshiba Fort Jesus, majahazi, Wareno na reli. Sina ugomvi navyo. Lakini mtu akitaka kujua Kisauni, Likoni na Changamwe waliishije miaka ya tisini na elfu mbili, na aulize pia nani mtaani alikuwa na betri, aliichajisha wapi, na ilipokufa ilikwenda wapi. Hilo swali la mwisho ndilo lililoniketisha kuandika.

Mie nakumbuka Julai 9, 2006, fainali ya Kombe la Dunia, Italia na Ufaransa. Nilikuwa mtoto mdogo. Jirani yetu Kisauni alikuwa na Great Wall, ile TV ya picha nyeusi na nyeupe iliyokuwa kila mahali wakati huo, na watu wa ploti nzima walijazana kwake. Kufika muda wa nyongeza picha ikaanza kusinyaa. Mstari mweusi ukatokea kila upande, ukawa unasogea ndani pole pole, wachezaji wakawa wembamba kama vijiti. Mtu akapiga kelele taa izimwe, manake taa nayo ilikuwa inakula betri ile ile. Zidane alipompiga Materazzi kichwa cha kifua tulimwona kwenye picha ya ukubwa wa sahani. Penalti tulizisikiliza kwa redio.

Ile picha iliyosinyaa ilikuwa kipimo cha volti. Hakuna aliyeiita hivyo, lakini kila mtu aliisoma. Betri ya risasi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma kama 12.6. Ikifika 12.1 hivi, nusu imekwenda. Ikikaribia 11.8 imebaki tone, na ikiendelea kukamuliwa hadi 10.5 basi unakamua ng'ombe asiye na maziwa. Nguvu inashuka kwa mteremko, taratibu, kwa hivyo taa inafifia, redio inakoroma, picha inajikunja. Betri ilikuwa inasema. Shida ni kwamba ilianza kusema madhara yakiwa yameshaanza.

Kemia yake haijabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859. Ndani mna sahani za risasi zilizozama kwenye asidi, haya tunayoyaita maji ya betri. Kila betri inapotoa nguvu, sahani zinajipaka chumvi ya salfeti. Ukiichajisha mapema ile chumvi inarudi ilikotoka. Ukiikamua mpaka chini, halafu ukaiacha siku nne inasubiri, chumvi inaganda kuwa kama jiwe, na kila ganda ni sehemu ya betri ambayo haitafanya kazi tena. Na betri za magari zina sahani nyembamba, za kutoa nguvu nyingi mara moja. Kukamuliwa hazikuumbiwa kabisa.

Sasa hapo ndipo umaskini unapoingia ndani ya kemia. Siku nne za kusubiri hazikuwa uzembe. Betri ni mzigo, kuibeba hadi kwa mchajishaji kunataka baiskeli au mkokoteni, na kuchajisha kunataka hela, na hela haiji siku ile ile betri inapoisha. Tajiri na maskini wangenunua betri ya aina moja dukani. Ya maskini ingekufa kwanza, na yeye ndiye angenunua nyingine upesi. Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, na katika mihula yote ile hakuna mhadhara ulioniambia hili.

Kenya tulikuwa na bahati ya kupata sola mapema kuliko nchi nyingi. Mwaka 1984 hivi, huko Meru, Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walianza kufunga sola kwenye shule na kufundisha mafundi wa hapa kazi hiyo. Miaka ya tisini paneli ndogo zilishakuwa bidhaa ya dukani kama bidhaa nyingine, unanunua kwa pesa yako bila kungoja mfadhili. Watafiti wakaja kutoka mbali kuandika kuhusu ajabu hii. Lakini sehemu kubwa ya mitambo ile iliuzwa bila kidhibiti chaji, kile kisanduku kinachokaa katikati ya paneli na betri na kukata umeme kabla betri haijakamuliwa. Kilikuwa kinaongeza bei. Na hata aliyekinunua mara nyingi alikiona adui. Kwa mjomba wangu Mtongwe kilikuwa kinaning'inia ukutani, nyaya zimekatwa na kuunganishwa moja kwa moja, kwa sababu kilikuwa kinakata katikati ya taarifa ya habari. Ukimuuliza angekwambia kile kidude ni kibovu, hakitaki watu wasikilize habari. Kidude kilikuwa kizima. Kilikuwa kinafanya kazi yake kwa mtu ambaye hakuelezwa kazi yenyewe ni gani.

Basi zikafa. Zilikufa maelfu kwa maelfu, za majumbani, za matatu, za malori ya bandarini, na betri ya risasi ikifa haitupwi, kwa sababu risasi ni pesa. Mtu wa mkokoteni anapita, anaipima kwa kilo, anailipia.

Mwaka 2007, kule Mikindani, upande ambao siku hizo ulihesabiwa Changamwe na leo ni Jomvu, kiwanda kinachoitwa Kenya Metal Refineries kilianza kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi ya kuuza nje. Kiligusana ukuta na kijiji cha Owino Uhuru, nyumba za udongo na mabati, watu kama 3,000. Moshi ulishuka kwenye mabati hayo, na mvua ikanyesha juu ya mabati, na maji ya mabati ndiyo watu waliyoyakinga kwenye ndoo. Maji machafu ya kiwanda yalipita kijijini. Wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi kwenye nguo, watoto wakawakumbatia.

Kiswahili kina neno moja kwa madini haya na kwa kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tofauti ni mwendo tu. Risasi ya Owino Uhuru iliingia kwa pumzi na kwa maji ya kunywa, ikakaa kwenye damu na mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa watoto inagusa ubongo unaokua, na kilichopotea huko hakirudi. Wanawake waliharibu mimba. Kuku na mbuzi wakafa.

Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani hapo mwaka 2009. Mwanawe, aliyekuwa bado ananyonya, akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu yake. Omido akaacha kazi, akaanza kupima watoto wengine, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo ni kubwa sana kwa watetezi wa mazingira. Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni NEMA, mamlaka ile ile iliyopewa kazi ya kulinda mazingira. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitupa hukumu. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu Zaidi ikairudisha. Ukihesabu tangu tanuri liwashwe, ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka ule angekuwa anamaliza sekondari.

Sisemi kila betri iliyoyeyuka pale ilikamuliwa na TV ya mtu Kisauni. Nyingi bila shaka zilikuwa za magari. Ninachosema ni kwamba kila betri ina njia mbili tu za kufika kwenye tanuri, kuzeeka au kuuawa mapema, na sisi tulikuwa tunaziua mapema kwa sababu hakuna aliyetuuzia kitu cha kuzichunga.

Halafu ikaja lithiamu, na ikaja kwa mlango wa simu.

Stori yake huwa inasimuliwa kwa majina matatu, yale ya Nobeli ya Kemia ya 2019. Stanley Whittingham alianza miaka ya sabini akiwa kampuni ya mafuta ya Exxon. John Goodenough, Oxford, mwaka 1980, akapata upande chanya ulio bora, wa kobalti. Akira Yoshino wa Japani akatengeneza betri inayofanya kazi bila kulipuka mwaka 1985. Sony wakaanza kuziuza 1991. Goodenough alipokea Nobeli akiwa na miaka 97, mtu mzee kuliko wote waliowahi kuipata. Lakini kuna jina la nne, na halina budi kutajwa kwenye gazeti la huku kwetu. Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya themanini kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani ya grafiti, na grafiti ndiyo upande hasi wa karibu kila betri ya simu uliyowahi kushika. Mwaka 2014 alipewa Tuzo ya Draper pamoja na Goodenough na Yoshino. Nobeli haikumfikia. Na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwenye miji kama Kolwezi ambako wachimbaji wanazungumza Kiswahili. Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni teknolojia ya watu wa mbali, mwambie apunguze.

Lithiamu haifanani na risasi hata kwa namna inavyokufa. Kuna aina inayotumika sana kwenye sola na kwenye tuktuk, ya chuma na fosfati, ambayo kila seli yake ina volti 3.2. Hiyo inakaa hapo hapo, 3.3, 3.2, muda wote wa kazi, taa inawaka vile vile, hakuna kufifia. Kisha mwisho kabisa inaporomoka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa jabali. Hakuna picha ya kusinyaa. Ukiona dalili kwa macho umeshachelewa.

Na ikiporomoka kupita kiasi, kinachotokea ndani ndicho kinachotisha mafundi wanaojua. Ile grafiti imepakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Seli ikishuka chini ya volti 2 na kukaa huko, grafiti inaishiwa lithiamu yote, na shaba iliyokuwa imetulia inaanza kuyeyuka kwenye majimaji ya ndani. Hapo bado hakuna aliyeumia. Hatari inakuja unapoichajisha tena. Shaba inarudi, ila hairudi mahali pake. Inaota kama miiba, na mwiba mmoja ukitoboa utando unaotenganisha pande mbili, umeme unapita njia ya mkato na seli inapata joto. Inaweza kutokea siku hiyo hiyo. Inaweza kutokea baada ya miezi, usiku, iko kwenye chaji karibu na kitanda. Kwa nje haionekani kitu.

Fundi mmoja wa Likoni, mtu mzima ambaye wote tunamwita Fundi, anavunja betri za laptopu zilizokufa na kuokota seli nzima ndani yake, zile za mviringo zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65. Anatengenezea pakiti za taa na spika. Kazi yake ya kwanza kwa kila seli ni mita. Ikisoma 3 na zaidi inakwenda kwenye boksi. Ikisoma kati ya 2 na 3 inachajishwa pole pole, huku ameishika kuona kama inapata moto, kisha inalazwa wiki nzima kuona kama inavuja chaji. Chini ya 2 inaenda kopo la taka, hata kama inaonekana mpya. Wenzake mtaani wanaziamsha: wanagusisha nyaya za betri nzima kwa sekunde kadhaa, volti inapanda, seli inakubali chaji, mteja anafurahi. Yeye anasema seli ya namna hiyo ukiiamsha inaamka na jini. Nilicheka, halafu nikafikiria ile miiba ya shaba, nikaona ameeleza vizuri kuliko mimi.

Ndiyo maana ndani ya kila pakiti ya maana kuna bodi ndogo ambayo mafundi wote wanaiita BMS. Watu wengi hudhani inapima betri. Hapana, inapima kila seli, na tofauti ndiyo hii: chukua pakiti ya seli 16 zilizofuatana mstari mmoja. Mita ya nje inasoma volti 48. Unagawanya, unapata 3 kwa kila seli, unasema niko sawa, niongeze safari moja Likoni hadi Ukunda. Lakini seli 15 zikiwa na 3.1 na moja ina 1.5, jumla bado ni 48. Mita ya nje haioni maiti katikati ya walio hai. Na kwa kuwa zimefuatana, zile nzima zitaendelea kusukuma umeme kupitia ile iliyoisha, mpaka ipite sufuri na kugeuka upande wa pili. Bodi ina waya mwembamba kutoka kila kiungo, inazisoma moja moja, na ile dhaifu kuliko zote ikigusa kikomo, kama volti 2.5, inakata pakiti nzima. Wote wanasimama kwa sababu ya mmoja. Kama ni shuleni ungesema si haki. Kwenye betri ndiyo njia pekee.

Hata matajiri limewapata. Mwaka 2012 zilisambaa habari za magari ya Tesla Roadster yaliyoegeshwa muda mrefu bila kuchomekwa, yakaisha mpaka yakawa kama tofali, na wenyewe wakaambiwa betri mpya ni makumi ya maelfu ya dola. Mjomba wangu wa Mtongwe angewaelewa.

Hapa kwetu kilichobadilika ni mwenye kile kisanduku. M-KOPA ilipoanza kuuza sola kwa mkopo mwaka 2012, ulilipa shilingi 40 kwa siku kupitia M-Pesa, baadaye 50. Betri ilikuwa na ulinzi wake ndani, imefungwa, hakuna wa kukata nyaya. Safi. Lakini usipolipa, mtambo nao unazima. Sasa mtu amekaa gizani: betri imefika kikomo, au siku zake zimeisha? Ni giza lile lile. Septemba 2023 Rais William Ruto alikuja Mombasa kuzindua pikipiki za umeme, na kampuni kama Spiro zikaja na mtindo wa kubadilishana betri: mwanabodaboda anafika kituoni na iliyoisha, anapewa iliyojaa, betri haiwi yake kamwe. Kihandisi naukubali sana mtindo huo. Betri inachungwa na mwenye nayo, haisubiri siku nne hela itoke, ule ugonjwa wa zamani umetibiwa. Ila namba zote, kila seli imefika ngapi, imekamuliwa mara ngapi, zinaishia kwa kampuni. Mendeshaji anaona asilimia kwenye kioo. Fundi haoni kitu. Kwangu mie hilo ni kasoro kubwa, kwa sababu siku betri hizo zikitoka kwenye mzunguko na kuuzwa kama kuukuu, watakaozifungua ni hao hao mafundi wa Likoni na Kongowea, na watakuwa wanapapasa gizani.

Na zitatoka. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inamtaka anayeingiza bidhaa sokoni awajibike nayo hadi mwisho wake, na kwenye karatasi imeandikwa vizuri. Mtaani kuna jambo jingine. Risasi ilikuwa na bei, ndiyo maana ilikusanywa, na ndiyo maana Owino Uhuru ikapata tanuri. Betri ya chuma na fosfati haina madini ya kumpa mtu tamaa. Hakuna anayeipigia kelele dirishani. Inabaki kwenye droo, kwenye kabati, chini ya kitanda.

Na ikiwa kabatini bado inashuka. Bodi ikishakata, yenyewe inaendelea kunywa tone la umeme ili ibaki macho, na seli nazo zinavuja zenyewe kidogo kidogo. Taa ya sola iliyohifadhiwa ikiwa imeisha, tangu siku mita ya tokeni ilipofungwa, haijalala tu. Inazama. Ya kuhifadhi inafaa iwekwe na nusu ya chaji, itazamwe kila baada ya miezi michache.

Wiki iliyopita nilifungua taa tatu za shangazi yangu Bombolulu, alizokuwa amezifunga kwenye leso kuukuu. Ya kwanza ilisoma 3.1. Ya pili 2.9. Ya tatu 0.8. Hizo mbili zinachajika. Ya tatu nimeitia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mchanga, iko nje juu ya ukuta wa choo, mahali watoto hawafiki. Mtu wa mkokoteni amepita mara mbili. Ameitazama, amesema hiyo hachukui.